Jeni ya Baba, Hofu ya Baba Mdogo

Jumatano. Eldoret imeamka na ukungu, nami nimeamka na hasira. Sasa ni jioni, na hasira imegeuka kuwa furaha mbaya.

Leo nimemtisha Baba Mdogo. Kwa makusudi.

Mikono ya baba imekuwa ikitetemeka tangu nikiwa shule ya msingi. Mwezi uliopita, kanisani kwetu kijijini Ziwa, alikuwa amebeba trei ya Ushirika, vile vikombe vidogo vikaanza kugongana hadi watu wa viti vya nyuma wakainua vichwa. Baba Mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa kama yeye, akasema kwa sauti, "Huo ni mtungi wa jana." Baba hajawahi kuonja pombe, hata busaa. Lakini wazee waliamini neno la ndugu yake, wakamsimamisha kuhudumu. Siku hizi anakaa nyuma kabisa, ameikalia mikono yake.

Juzi majibu ya vipimo vya damu ya baba yalirudi. Tatizo ni jeni inayoitwa parkin. Hutengeneza protini inayosaidia kutia alama protini zilizochakaa ndani ya seli, ili zivunjwe na kuondolewa. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Za baba zote mbili ni mbovu. Taka zinabaki, na seli za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili zinakufa.

Pombe haimo popote.

Leo Baba Mdogo alikuja kwa wakili ninakofanya kazi ya ukarani, kuchukua hati yake ya shamba. Mbele ya wateja akaniuliza, "Chebet, mlevi wetu anaendeleaje?"

Mimi huogopa hata kumwomba mteja afunge mlango. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Si mlevi, Baba Mdogo. Ni ugonjwa wa kurithi. Wewe na baba mmezaliwa tumbo moja. Umejipima?"

Akacheka. Kisha akaitazama mikono yake, akaitia mifukoni.

"Unanitakia mabaya, wewe msichana?"

"Nauliza tu."

Akaondoka bila hati.

Sikumwambia yaliyobaki: kwamba si lazima ndugu wote waupate, kwamba ugonjwa huu huanza mapema maishani, na yeye amezeeka akidunga ng'ombe sindano bila mkono kuyumba. Huenda yuko salama kabisa. Nilijua hivyo, nikamwacha aende.

Na mimi? Nakala moja mbovu ninayo, hiyo ni hakika. Daktari anasema ile niliyorithi kwa mama karibu kila mara hutosha. Bado kila asubuhi nanyoosha vidole dirishani na kuvikagua.

Simu inalia tena. Ni Baba Mdogo.

Naogopa, lakini sipokei. Jumapili akisimama mbele ya kanisa na kulisafisha jina la baba, nitamweleza yote, hapo hapo nje ya mlango.

Si kabla.