Jani Alilokata Brenda

Olasiti, Arusha
Ijumaa

Mpendwa kaka Elirehema,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta wewe, shemeji Elizabeth na wote wa hapo nyumbani mkiwa wazima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu baridi ilipopungua. Sisi huku hatujambo. Naisula anakusalimu, watoto wanakuamkia, na Gadiel amepona kikohozi, ila utundu wake bado haujapata dawa.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nilikupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nikakata kabla hujapokea. Halafu siku ile ulipotuaga ulishika mlango wa gari ukataka kujua mambo mengi kwa mpigo: nani aliitengeneza nyumba ile yenye magurudumu, maji machafu yanakwenda wapi, na mtu mwenye akili zake analalaje hatua moja kutoka chooni. Sikukujibu vizuri, maana nilikuwa na haraka ya kuondoka. Haraka hiyo ilikuwa na sababu yake, nitaifikia.

Gari si letu. Ni Coaster kuukuu iliyoletwa gereji kwetu Sombetini na kampuni moja inayokodisha magari kwa wageni. Bosi wangu Iqbal alitutaka tung'oe viti vyote, tuweke vitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na hicho choo kilichokukosesha raha. Maji machafu yanaingia kwenye tangi jingine chini ya sakafu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na kahawa yako shambani. Kazi ilipokwisha, Iqbal akasema gari halitoki mpaka lijaribiwe siku tatu kwenye barabara mbovu, tena na familia yenye watoto wadogo, kwa sababu mtoto huvunja vitu ambavyo fundi hata hafikirii kwamba vinavunjika. Akaniangalia mimi. Ninavyowajua wanangu, nikaona kachagua vizuri.

Kuuzunguka Mlima Meru lilikuwa wazo la Brenda. Ametimiza miaka sita, na maswali yake yamemzidi umri. Tangu azaliwe ameuona mlima kutokea hapa Olasiti tu, akawa ananiuliza kama nao una mgongo, na kama watu wa mgongoni wanajua kwamba wao ndio wako nyuma. Mimi niliyezaliwa juu ya mlima huohuo nikaona bora nimpeleke akaone mwenyewe.

Tulipita Ngaramtoni, tukalala Oldonyo Sambu kwa Lesikar, kaka yake Naisula. Lesikar alilizunguka gari mara mbili, kisha akatuuliza kwa upole kama tumefukuzwa na mwenye nyumba. Asubuhi yake Naisula alichota maji kwenye ndoo ya kutumia njiani, akakata tawi lenye majani akaliweka juu ya maji. Brenda akataka kujua la nini. Mama yake akamweleza kwamba majani yakielea, maji hayarukiruki wala kumwagika, hata gari likipita kwenye mashimo. Brenda akakaa kando ya ndoo akiichunguza hadi Ngare Nanyuki, tulikolala usiku wa pili, na kweli hayakumwagika. Naomba uikumbuke ndoo hiyo.

Kesho yake, karibu na Momela, mawingu yalipanda tukauona mlima. Wewe uko jirani na upande ule na labda umeuzoea. Kutokea huku kwetu mlima ni mzima, umechongoka vizuri. Kule ubavu wote haupo. Unaona hadi ndani, na kilima kingine cheusi kimekaa humo peke yake. Watoto waliacha kugombania dirisha. Kisha Brenda akauliza nani aliuvunja, na kwa nini sisi wa upande wa huku hatukuambiwa. Niliendelea kulifikiria swali hilo hata baada ya yeye kulisahau.

Siku hiyohiyo, ya tatu, tukawa tunashuka kuelekea Maji ya Chai. Hapa nitasema ukweli. Nilikuwa nimepanga kupita mbele ya kwako bila kusimama. Tangu msiba wa mama hatukuwa tukisemeshana, na miaka yote minne nimepita barabara ile nikiangalia upande wa pili. Lakini gari lilichemsha, tena mbele kabisa ya mpaka wako, na nilipofungua tangi nipate maji ya kuweka kwenye rejeta, hapakuwa na hata tone. Ndoo nayo tulikuwa tumeimaliza. Gadiel alikuwa amefungua koki tangu asubuhi ili, kama alivyoeleza mwenyewe, aone maji yataisha saa ngapi. Naisula akasema ameona mafundi wengi, ila fundi ambaye gari lake linajua kuchagua pa kuchemshia ni mimi peke yangu. Akanitaka niingie kwako niombe maji. Nikakataa. Tukabishana pale nyuma ya gari, na tulipogeuka, Brenda hayupo na ndoo haipo.

Yaliyofuata unayajua. Mtoto aliingia uani kwako na ndoo tupu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika jani la isale alilolikata kwenye uzio wako mpakani, akakupa vyote viwili. Mimi nilichokiona ni wewe ukitoka, umelishika jani kwa mikono miwili, shemeji nyuma yako na ndoo ya maji. Ulikuwa unalia, kaka, nami sijawahi kukuona ukilia, hata siku tulipomzika mama. Ukasema mbele ya wote kwamba kwetu Wameru aliyeletewa isale hana tena ruhusa ya kuweka kinyongo, kwamba yamekwisha, na kwamba umefurahi nimemtuma mtoto kuniombea msamaha. Ndoo ya kwanza tukaimimina kwenye rejeta, ya pili ukatujazia ya njiani. Tukala ndizi zenu, nikashindwa kukuangalia usoni, ndiyo maana nikaharakisha kuondoka.

Sasa soma hapa taratibu. Mimi sikumtuma. Pale kwako nilidhani ni Naisula aliyemtuma, naye akadhani ni mimi, kila mmoja akanyamaza. Tulipofika Tengeru maji ya ndoo yakamwagika yote, yakamlowesha Gadiel, ndipo Brenda akauliza kwa hasira kwa nini baba mkubwa alibaki na jani lake. Alikuwa amelikata la kuweka juu ya maji. Amekulia mjini, mama yake si Mmeru, na mimi baba yake sijawahi kumfundisha maana ya isale. Niliegesha gari pembeni.

Kwa hiyo umemsamehe mtu ambaye hakukuomba, na mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kuomba. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema mama amekufa kwa sababu uliijali kahawa kuliko yeye. Wiki ileile shangazi akaniambia kwamba mama mwenyewe ndiye aliyekataa hospitali, na kwamba alipozidiwa ulimbeba mgongoni hadi barabarani. Miaka minne yote nilikuwa ninajua, kaka. Niliona aibu, na aibu hiyo nikaigeuza kuwa hasira juu yako. Nisamehe.

Barua hii Naisula atampa shemeji kesho sokoni Tengeru. Jumapili baada ya ibada nitakuja mwenyewe, kwa miguu kutoka barabara kuu. Kuna tatizo moja tu: kwetu Olasiti uzio ni wa matofali, isale hatuna. Itabidi nilikate hapo mpakani kwako. Ukiniona nimesimama nje, usiniite ndani kwanza. Niache nilikate, nikuletee kwa mkono wangu.

Nisalimie watoto na majirani wote. Brenda anauliza kama lile la kwake umeshamaliza kulitumia, maana anataka umrudishie.

Ni mimi mdogo wako,
Yona