Jina la Asiye na Kaburi

Ekero,
20 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Erastus mume wangu, na za mjukuu wako ambaye bado hujamwona. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi ni wazima, na mtoto ananyonya vizuri mpaka mashavu yamejaa. Kaa chini mdogo wangu Maurine akusomee polepole, kwa maana nina jambo.

Mama, tangu mtoto azaliwe hapa kumekuwa na vita vya jina. Baba mkwe, Mzee Makhanu, alisema ataitwa Shitanda, jina la babu yake yeye Mzee, basi. Mimi nikaitikia ndiyo baba, ingawa sikutaka. Unakumbuka uliyoniambia nikiolewa: kwamba huyo Shitanda alikamatanga watoto wa watu akawauzia wenye misafara ya watumwa pale Mumias, na kwamba Wanjala, kaka ya babu yako, alitumwa kuni akachukuliwa naye. Ukanikataza kuyataja kwao. Na hata kwetu hakuna mtoto anayepewa jina la Wanjala, kwa sababu hana kaburi, na mnaogopa mtoto naye atapotea.

Sasa Mchungaji Nehemiah akatangaza ibada ya toba, ya kuwalilia waliouzwa. Ngoma zisipigwe, watu waje bila viatu, na kila nyumba ilete kamba, kama zile walizofungwa, iwekwe mbele ya madhabahu. Baba mkwe alicheka. Akasema kamba zake ni za ng'ombe, na Mchungaji akitaka kulia alilie bei ya miwa. Lakini ubatizo wa mtoto ulikuwa umepangwa Jumapili hiyo hiyo, kwa hivyo tulienda wote, yeye na viatu vyake.

Wazee walipiga magoti kwenye udongo, wakalia kama kwenye matanga ya jana. Halafu Mchungaji akaniita na mtoto, akaniuliza jina.

Mama, nilisema Wanjala.

Mama mkwe alipiga ukemi. Baba mkwe akainuka kule nyuma, akaja mpaka mbele, akaniuliza huyo ni mtu wa nani. Nilimwambia yote, kuni na aliyemchukua. Nilijua atanifukuza, na mtoto abaki kwao. Badala yake akainama akavua viatu, akatoa mfukoni mwa koti kamba ya ndama. Kumbe alikuja nayo! Akaiweka chini, akasema watu wote wasikie kwamba Shitanda alimchukua Wanjala, na yeye mwenyewe ni damu ya Shitanda.

Lakini haijaisha. Mama mkwe hajamshika mtoto tangu siku hiyo, anasema nimemwita kifo. Baba mkwe naye anasema jina ni lenu, si lake, na ninyi ndio wa kulitoa. Tutakuja Jumamosi. Ukilikataa, mtoto atapewa lingine.

Najua nimevunja neno lako. Lakini nikimwangalia akilala namuwaza mama ya Wanjala, alivyosimama nje akiita, akiita, hakuna wa kuitika. Ukituona langoni, usiseme karibu kwanza. Ita hilo jina, Mama, kwa sauti. Nitamgeuza mtoto akutazame.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulikande na maji moto.

Ni mimi binti yako,
Awinja,
mama Wanjala, ukikubali.