Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu kaja dukani kuchukua suruali yake. Kaniomba Alhamisi nikazungumze na watoto kuhusu kazi. Mimi! Eti daktari kaahirisha, rubani hapatikani, basi aje fundi cherehani. Nimecheka, nikakubali. Dada yangu kasema nisiende kujisifu tu. Tutaona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejiaibisha.
Nilianza vizuri – mkasi, chaki, futi ya kupimia. Watoto arobaini, kimya. Nikageuza kola ya shati, nikawaonyesha mshono mmoja wa uzi mwekundu ndani. Nikasema hiyo ni alama yangu, naitia kwenye kila nguo niliyoridhika nayo. Mmoja akauliza nani alinifundisha kazi. Nikajibu – bila hata kumeza mate – nilijifundisha mwenyewe, kwa bidii.
Msichana mmoja, mapengo mbele, akageuza kola ya sare yake. Uzi mwekundu! Akasema, wala si kwa ubaya, kwamba bibi yake hufanya hivyo tangu zamani.
Njia ya mwongo fupi. Nilijua hapo hapo bibi yake ni nani: Mama Mkasi, aliyenifundisha mimi.
Nikasema mafundi wengi hufanya hivyo. Uongo wa pili. Wakanipigia makofi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijashona kitu. Miaka mitatu Mama Mkasi alinifundisha bure. Mwaka wa kwanza wote nilifumua tu. Nikipinda mshono kidogo, ananirudishia: “Fumua, mwanangu. Mkono ulijue kosa lake.” Nilivyomchukia!
Siku nilipopata cherehani yangu sikumuaga. Nikafungua duka mtaa wa pili, wateja wake sita wakanifuata. Hawakunifuata wenyewe, niliwaita. Miaka kumi na tisa sijakanyaga kwake. Shukrani ya punda ni mateke – na punda ni mimi. Najuta. Najuta mno.
Dada kasema niende. Nimemjibu nina kazi nyingi. Kaitazama cherehani iliyofunikwa.

Jumapili, 9 Machi
Naandika benchini kwa Mama Mkasi, kwenye daftari la vipimo.
Mjukuu kanifungulia kwa furaha, kamwita bibi yake aje amwone yule fundi wa shuleni. Mama Mkasi haoni tena vizuri. Jina hakuniuliza. Kanishukuru – yeye, mimi! – maana tangu Alhamisi mtoto hataki kucheza, anashona vitambaa tu. Nilikuja na maneno yangu tayari. Yakagoma kutoka. Nikampa gauni nililomshonea jana.
Kalipapasa polepole, mshono kwa mshono. Akafika ndani ya kola, kidole kikasimama. Kauliza nani alinifundisha. Kabla sijafungua mdomo mtoto kadakia: kajifundisha mwenyewe, Bibi, alituambia!
Ningekuwa na pa kujificha ningejificha.
Mama Mkasi karudisha kidole kwenye bega la gauni, kushoto, pale nilipoharakisha. Kisha kaniwekea gauni mapajani na mkasi mdogo juu yake.
“Fumua, mwanangu.”
Kanijua! Tangu lini? Tangu mlangoni?
Sasa yuko chumbani na mjukuu, wanatafuta uzi. Namsikia anamwuliza mtoto upi ndio mwekundu. Bado sijafumua. Bado sijasema hata samahani, wala asante. Wameupata. Wanarudi –