Jina Acha Wazi

Ndugu yangu, si nilikwambia hakuna anayeandika barua ya kumnyima mtu kazi kwa utamu kama mimi? Mtu anakataliwa na bado anashukuru!

Sasa sikia.

Asubuhi bosi kaniambia, "Andika moja ya mfanyakazi tusiyemwongezea mkataba. Ni mcheshi, usimuumize. Jina acha wazi, nitajaza mwenyewe."

Jina acha wazi! Na mimi huyo, mbio kuandika. "Tutaukumbuka daima ucheshi wako." Nikamcheka maskini wa watu.

Bosi akaisoma mara mbili. Hakutabasamu. Akasema, "Nzuri. Huyu hatalia."

Huyu hatalia!! Mkataba wangu si unaisha Ijumaa?

Alipoenda mkutanoni nikajipenyeza ofisini kwake. Bahasha iko mezani, haijafungwa. Nikaivuta barua. Jina langu, kwa mwandiko wake, juu ya maneno yangu mwenyewe!

Nikaikunja, nikaisokomeza kwenye soksi. Nainuka hivi, dada katibu wake yuko mlangoni na daftari la kusainia barua.

"Irudishe, mdogo wangu," kaniambia taratibu. "Nakala ninayo. Au basi baki nayo, usaini hapa kwamba umeipokea."