Tochi ya Mika na Ndoo ya Maziwa

Baba Mika, na wewe Mika,

Chai leo ni ya rangi. Ndizi nimezipeleka sokoni Tengeru mwenyewe. Makande yako jikoni, myapashe moto.

Maziwa hakuna kwa sababu ya hiyo tochi ya kuchaji ambayo Mika kaniletea jana kutoka mjini. Kitochi chenyewe kama kidole gumba. Ile kubwa ya betri, niliyozoea kuibana kwapani nikikamua, mmempa shemeji Yona bila hata kuniuliza. Hii haibaniki. Alfajiri nimeing'ata kwa meno kama mbwa aliyeokota mfupa. Mwanga ukawa mkali mno, nikabonyeza kitufe niupunguze, ikaanza kuwaka na kuzima kama gari la polisi. Ng'ombe kashtuka, kaipiga ndoo teke, maziwa yote chini. Nimepiga kelele, tochi ikanidondoka mdomoni, hakuna aliyeamka.

~~Mika, irudishe dukani leo hii.~~ Usiirudishe. Nimeichomeka ukutani inachaji, asiichomoe mtu.

Maana nilipoiokota ilinimulikia banda lote mpaka kona ya nyuma, samadi ya siku nyingi imelundikana. Baba Mika, kila jioni unaniambia umezoa samadi, na mimi kila alfajiri nakanyaga humo nikidhani ni ya usiku huo. Ile tochi ya zamani ilikuwa inakusitiri.

Beleshi nimeliegemeza kwenye kiti chako. Nikirudi nitaanza kumulika kabla sijavua hata kitenge.

Mama Mika