Mkwe Yuko Jikoni

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mlango wa friji umelala wazi tena! Niliufunga jana jioni, naapa. Nimeamka nikaona taa ya ndani inawaka, mwanya wa vidole viwili. Chupa ya insulini si baridi, si moto. Vuguvugu. Nesi wa kliniki alisema, ukiwa na shaka, tupa. Januari nilikuwa na shaka na sikutupa. Sukari ikapanda, nikazinduka wadini siku ya tatu, binti yangu Fridah amenishika miguu analia. Sirudi huko.

Nimetupa. Nimepata nyingine kliniki. Friji nimeifunga kwa blada, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nimezungusha mara tatu. Sasa kila nikipita naangalia blada. Hata nikiwa chooni nawaza blada.

Jumatano, 11 Machi

Fundi wa hapa Kanduyi amekuja. Amebadilisha ule mpira wa pembeni, amegonga bawaba — ati imeshika, madam. Hajafika hata getini, mlango ukafunguka wenyewe, polepole, kama kuna mtu ndani anausukuma. Nikapiga kelele! Mimi, mwalimu mstaafu, miaka sitini na tatu.

Nimempigia Fridah huko Kitale. Amecheka. Ati mama, si Bramwel anatengeneza friji za mji mzima, unahangaikia nini? Bramwel ni mume wake. Ni mkwe wangu! Miaka kumi na moja hatujashikana mkono. Siku tulipomzika baba Fridah, kijana wa watu alizunguka nyuma ya hema tusikutane uso kwa uso, nami nikajifunika leso. Sisi Wabukusu ndivyo tunavyoheshimiana na wakwe. Leo aingie jikoni kwangu, aone sufuria zangu, aone ninapolala? Afadhali blada.

Jumamosi, 14 Machi

Blada imekatika juzi. Nikakubali Bramwel aje, lakini kwa mpango: friji itolewe nje, mimi nijifiche kwa jirani yangu Zuena. Mume wa Zuena na mwenzake wameibeba mpaka veranda. Mimi nyuma ya pazia, moyo unagonga kama nimeiba. Zuena ananicheka: kwao mkwe ni mtoto, anakula sahani moja na mama. Kwenu ni kwenu, nikamwambia.

Bramwel hakumaliza dakika kumi. Anafungua, mlango unajifunga. Anafungua, unajifunga! Akamtuma Zuena: mwambie mama friji haina shida. Machozi yalinitoka. Ameondoka, wamerudisha friji jikoni.

Saa kumi jioni mlango umefunguka.

Jumapili, 15 Machi

Sikusikia hata mahubiri leo. Bramwel amemwambia Fridah shida ni sakafu. Marehemu baba Fridah alitaka simiti ya jikoni iteremke kidogo ili maji ya kuosha yatoke yenyewe. Friji inainama mbele, mlango unafuata. Veranda iko sawa, ndiyo maana. Sasa lazima miguu ya mbele iinuliwe palepale inaposimama. Ndani.

Nimejaribu mwenyewe na kipande cha mbao. Friji ikataka kuniangukia! Nikasema aje tena yule fundi wa Kanduyi. Fridah akasema yule si ndiye aligonga bawaba, kumbe shida ni sakafu?

Kisha akalia. "Mama, unataka nikuzike juu ya heshima?"

Nimemkatia simu. Kufa naogopa. Aibu pia naogopa. Ni ipi zaidi, sijui, na hiyo ndiyo inanitisha.

Ijumaa, 20 Machi

Haya. Bramwel aje kesho saa nne. Saa tatu nitakuwa kwa Zuena na sitoki mpaka aondoke. Zuena ndiye atamfungulia. Nimeficha nguo zangu zote zilizokuwa kwenye kamba. Nimeficha hata mswaki.

Jumamosi, 21 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Amekuja! Gari la kwanza kutoka Kitale! Nimeshajidunga sindano, nimeepua uji, nimeingia chumbani kuvaa. Zuena amebisha mlango wa mbele, ananiita, nami kwa mshtuko nikanyamaza. Ujinga gani huu! Akadhani nimeshatoka. Nimemsikia akimfungulia Bramwel mlango wa nyuma: "Ingia tu, hayuko." Nimefunga komeo la juu la mlango wa chumba. Zuena ameenda dukani.

Saa mbili kasorobo. Nilifaa kuwa nimekula; sindano bila chakula huangusha sukari. Uji uko jikoni. Sukari iko jikoni. Mkoba wangu wenye peremende uko kwenye meza ya sebuleni, na sebule na jikoni hakuna mlango katikati. Simu inachaji juu ya friji. Dirisha lina vyuma. Anapiga mluzi huyo, nasikia spana.

Saa mbili na kumi. Jasho. Ni hofu ama sukari inashuka? Zote huanza hivi. Nimejiambia ni hofu. Nimekaa chini, kitanda kinazunguka.

Simu yangu inalia. Mluzi umekoma. Inalia tena. Sasa anaongea kwa simu yake, lazima ni Fridah — "Hayuko, lakini simu yake iko hapa. Uji bado ni moto." Anasikiliza. "Sindano? Ee, iko hapa kwa meza. Imetumika." Ameweka spana chini.

Hatua. Sebuleni. Anakohoa ili nijue.

Amesimama nje ya mlango wangu. "Mama, Fridah anauliza kama umekula."

Hata sasa ananipitia kwa Fridah. Ana adabu huyu.

"Mama, naweka kikombe cha uji hapa chini. Nakwenda kusimama barabarani, nimekupa mgongo. Uchukue tu."

Kikombe kimegusa sakafu. Hatua mbili, tatu. Amesimama. Haendi.

Nimejaribu kuinuka. Magoti hayanisikii. Mistari ya daftari imekuwa miwili miwili. Komeo liko juu, sifiki. Nikimwita atavunja mlango, ataingia mpaka kitandani kwangu, atanishika na mikono yake. Nisipomwita...

Jina lake nimeliandika humu mara nyingi, mdomoni sijawahi kuliweka. Nimelijaribu sasa hivi. Halikutoka. Najaribu tena, kwa sauti.