Mbegu ya Umwumba Haianikwi

Imeota, Zaina! Miti yako ya umwumba imeota, sasa inanifika magotini, na mi mama yako natembea hapa Gisenyi kama mutu aliyezaa mapacha!

Bon, sasa nikusalimu. Amani ikufikie hapo ulipolazwa, mwanangu. Huku tangu homa ikuchukue nyumba imepoa. Cherehani ya baba yako inalia barazani, lakini hakuna wa kuimba juu yake. Mbele za watu mi silii. Nalia nikipepeta mchele, halafu nasema ni vumbi.

Sikiliza. Baada ya arobaini yako, baba yako mdogo Rajabu alikuja na jembe. Alitaka ule mteremko wetu juu ya chemchemi, ule waliomaliza miti yake kwa makaa, aujaze mikalitusi apate nguzo za kuuza. Mikalitusi! Juu ya maji ya kunywa! Mti unaofyonza kama mlevi wa ugenini. Nikamwambia, Zaina alisema hapo utarudi umwumba, mti wa kwetu wa msituni. Akacheka, majirani wanasikia: "Shemeji, mbegu za Zaina zilikufa. Nakungoja mwaka. Ukiota hata mche mmoja, mashimo nachimba mi mwenyewe."

Na kweli zile za kwanza ulizoleta zilikufa. Shangazi yako alizining'iniza juu ya moshi wa jiko pamoja na mahindi ya mbegu, kwa mapenzi tu. Nani hapa hajui kwamba mbegu nzuri ni kavu? Mtaa mzima ungefanya vile vile. Ni wewe, binti yangu mwenye macho, uliyechuchumaa kule Bugeshi chini ya umwumba mkubwa ukaona vimche kwenye unyevu, pale ndege walipodondosha kokwa. Ukasema, "Mama, hii haitaki jua. Inataka udongo ingali mbichi." Halafu hukungoja matunda ya msimu uliofuata. Hukungoja, mama.

Basi nikaenda mi. Kwa miguu hii hii, kupanda Bugeshi. Niliokota matunda yaliyoanguka tu, ya juu nikawaachia ndege, na gome la mti, lile watu wanalolibandua kwa dawa, sikuligusa, kama ulivyotaka. Nikayafunga kwa majani mabichi ya mgomba, nikanyunyizia maji kila nilipopumzika. Kufika nyumbani sikukaa hata chini. Nikaosha kokwa, nikazipanda kwenye vikopo nilivyosuka kwa maganda ya mgomba, na udongo niliobeba kutoka chini ya mti wenyewe. Juu kivuli cha nyasi, pembeni majivu ya kuzuia konokono.

Wanawake wakapita: "Mama Zaina, siku hizi unanyonyesha miti?" Nikawajibu, ndiyo, nanyonyesha! Na maziwa yamebaki! Mtoto wangu alizikwa, neno lake halikuzikwa. Nani kati yenu amezaa mwenye akili kama yule?

Siku udongo ulipopasuka nilimwita Rajabu. Alikuja na kofia yake nzuri, akachutama, akagusa jani kwa kidole kama mutu anayegusa mtoto mchanga. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Aliuliza tu, "Shemeji, mashimo yawe na kina gani?"

Hadi kwenye kiwiko, nikamwambia. Na usinidanganye, nitapima kwa mkono wangu.

Kwa hiyo lala, mwanangu. Nakuahidi, atakayepanda na shoka kwenye mteremko ule atanikuta mi kwanza, na we unajua mdomo wangu. Na miti ikizaa nitawafundisha watoto wa watu kuzika kokwa mbichi, na nitataja nani aliyeiona siri hiyo. Nitataja mpaka wachoke.

Mvua imeshika. Wanakuja wote kupanda: majirani, wanawake wanaochota pale chemchemini, shangazi yako, hata wavuvi wa Rubona wanaonunua viazi kwangu. Rajabu ameshanoa jembe. Ni Jumamosi hii, asubuhi, umande ukiwa bado chini.